Visanduku vitupu kwenye mchoro wa hali

Kazi yangu ni kujaribu programu, na kitu cha kwanza ninachomwomba mtengenezaji ni mchoro. Akiniletea maelezo ya kurasa nyingi nayasoma, sikatai, ila mchoro mmoja wa hali, yaani ule unaoonyesha hali ambazo kitu hupitia na mishale ya matukio yanayokitoa hali moja hadi nyingine, unanipa kazi siku hiyohiyo.

Tuchukue oda ya duka la mtandaoni. Ina hali nne: mpya, imelipwa, imesafirishwa, imefutwa. Matukio ni matano: badilisha, lipa, safirisha, rejesha, futa. Oda mpya ikibadilishwa inabaki mpya, ikilipwa inahamia "imelipwa", ikifutwa ndiyo basi. Iliyolipwa ama itasafirishwa ama itafutwa. Iliyosafirishwa ikirejeshwa, inaishia "imefutwa". Mishale sita tu.

Kuna programu huria kama GraphWalker zinazopita kwenye mishale hiyo na kukutolea majaribio zenyewe. Tatizo ni zisimame wapi. Mshale wa "badilisha" unarudi palepale ulipotoka, kwa hiyo njia hazina mwisho. Ukisema kila mshale upitiwe angalau mara moja, majaribio matatu yanatosha: badilisha-lipa-safirisha-rejesha, lipa-futa, futa. Ukidai kila jozi ya mishale inayofuatana, bado ni matatu, lakini sura yake ni nyingine: badilisha-badilisha-lipa-safirisha-rejesha, badilisha-futa, lipa-futa. Kubadilisha mara mbili mfululizo ndiko kunakomuumbua aliyekata punguzo kwenye jumla ambayo tayari ilishakatwa. Kigezo cha mshale mmoja mmoja kingempitisha bila wasiwasi. Wazo hili la kufuata mishale kwa mfuatano ni la zamani. Mtafiti Tsun Chow aliandika juu yake mwaka 1978.

Hayo ndiyo mepesi. Uhondo uko kwenye jedwali, ukipanga hali upande mmoja na matukio upande mwingine. Hali nne kwa matukio matano ni visanduku 20. Mishale imejaza sita, vimebaki 14 ambavyo mchoro hausemi lolote juu yake. Oda iliyokwisha kufutwa ikipokea "lipa", inakuwaje? Mteja amefuta, kumbe taarifa ya malipo ilikuwa njiani, imechelewa kidogo, sasa inabisha hodi na pesa imeshamtoka mtu. Mtengenezaji hunijibu kwamba hilo haliwezi kutokea. Anayeshughulikia malipo hucheka tu.

Kila kisanduku kitupu nataka kipate jibu: kataa na useme kwa nini, puuza kimya, au chora mshale mpya. "Puuza" linapendwa sana kwa kuwa halina kazi, na ndilo ninalolitilia shaka kuliko yote. Angalia "lipa" ikija kwenye oda iliyokwisha kulipwa. Kama ni taarifa ileile imetumwa tena, kupuuza ni sahihi kabisa. Kama ni malipo mengine yenye namba nyingine ya muamala, kupuuza ni kula pesa ya mtu. Kisanduku kimoja, majibu mawili. Hapo mchoro unadai sharti kwenye mshale, yaani mshale ufuatwe pale tu sharti hilo linapotimia, na jaribio moja linazaa mawili. Mazungumzo hayo mara nyingi hufanyika kabla hata mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa, na kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko majaribio yenyewe.

Zipo pia zana zinazosoma msimbo, zikachora mchoro, kisha zikazalisha majaribio kutoka humo. Sizikubali kwa kazi hii. Mchoro wa namna hiyo unajua tu kile ambacho msimbo unafanya, makosa yakiwemo, kwa hiyo kila jaribio litafaulu. Ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Ninachofanya nao ni kuuweka kando ya mchoro wa usanifu na kuuliza juu ya kila mshale usiofanana.

Halafu mchoro haukupi data. "Lipa" kiasi gani? Mimi hujaribu pungufu kidogo, sawasawa, na zaidi kidogo. Wala haukuambii ukague nini ukishafika. Jina la hali kwenye skrini halinitoshi: oda inaweza kuonyesha "imefutwa" huku bidhaa bado imeshikiliwa stoo, mteja mwingine anaambiwa imeisha. Kwa hiyo chini ya kila hali naandika kwa mkono vya kukagua: salio, idadi ya stoo, ujumbe uliotumwa kwa mteja. Hiyo orodha hakuna zana iliyowahi kuniandikia.