Nilivyojitengenezea Raha za Kipupwe Newala

Nimekulia Lindi mjini, karibu kabisa na ghuba, mahali ambapo ukisimama ufukweni unaiona Kitunda ng'ambo ya maji. Kule kusi ikianza kuvuma tunasema kuna baridi, lakini ni baridi ya kujifunika kanga moja ukalala. Newala ni habari nyingine. Mji umekaa juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na ukifika ukingoni pale Shimo la Mungu nchi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Upepo ukipanda kutoka huko hauna wa kuuzuia. Juni, Julai hadi Agosti, ukungu wa asubuhi unafunika njia, bati linadondosha umande, na jua linazama karibu nusu saa mapema kuliko Desemba. Jioni zinakuwa ndefu.

Nilihamia huku kikazi na watoto wadogo, na jioni hizo ndizo zilizonisumbua. Watoto wakimaliza kula wanakimbilia kitandani, wamejikunja, nami nyuma yao. Saa mbili nyumba imeshanyamaza. Nikasema hapana, sitaki wanangu waishi robo ya mwaka kwa kuvumilia. Nilitaka kipupwe kiwe msimu watakaousubiri kwa hamu.

Nilianza na mashuka. Nilikuwa na doti mbili za kanga zilizopauka, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini kabisa, na blanketi jembamba la zamani. Nikaunganisha vipande viwili viwili, blanketi nikaliweka katikati, nikashona pembeni kwa mkono, kisha nikapitisha mistari ya uzi kutoka upande huu hadi ule ili blanketi lisijikusanye pembe moja. Kazi ya jioni kadhaa, bila cherehani. Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba jina la kanga lilibaki juu, usawa wa kifua cha mtoto, na mwanangu wa mwisho alijifunzia kusoma hapo, herufi kwa herufi, kila usiku kabla ya kulala.

Sakafu ya saruji ndiyo adui mwingine. Mkeka peke yake hautoshi. Chini yake nikatandika magunia ya korosho yaliyochakaa, yale ya nyuzi, yaliyokung'utwa vizuri na kuanikwa juani. Tangu hapo tukakaa chini wote, na ukikaa chini na watoto mazungumzo huja yenyewe.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: jiko la mkaa haliingii chumbani, hata kama moto umebaki kidogo na baridi imezidi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mtu aliyelala hasikii kitu. Makaa yanayobaki baada ya kupika chakula cha jioni mimi nayaacha uani, juu yake naweka sufuria ya maji. Maji yakipata moto tunaosha miguu, tunaikausha, tunaingia kitandani. Mtoto aliyelala na miguu ya moto halii usiku. Maji hayo hayamwagwi ovyo, kwa sababu ardhi ya uwanda huu inayapitisha maji chini upesi na watu tunaishi kwa kuyakinga ya mvua kutoka kwenye mabati. Yakishaosha miguu yanakwenda kwenye mche wa mpapai.

Kuhusu chakula, msimu wenyewe umeshajaza kapu. Mbaazi mbichi zinachemshwa na maganda yake kwa chumvi, mnazimenya mkiwa mmekaa. Ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, inaletwa na kina mama wanaoichimba, inauzwa kwa mafungu. Naiosha mpaka udongo uishe, nainyunyizia chumvi, natia maji kidogo tu, nafunika sufuria vizuri na kuiacha mpaka maji yakauke. Kaganda kake kembamba kanatoka kwa vidole. Kwa chai ya tangawizi, ming'oko ya moto haina mpinzani, na siwaelewi wanaoiita chakula cha njaa.

Lakini raha kubwa ni korosho, na hapa nitakaa kidogo.

Bibi mwenye nyumba yetu huwa hauzi zote. Msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba hivi, zinazokwenda ghalani zinakwenda, naye anatenga za kula, anazianika mpaka zilie ukizitikisa, anazihifadhi na maganda yake. Kipupwe kikifika zipo. Nilimfuata nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamwomba anifundishe kuchoma na kubangua. Akaniangalia viganja, akasema, "Korosho haitaki haraka, mjukuu wangu. Ukiiharakisha itakuunguza."

Na ni kweli, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Moto unawashwa uani, kwenye mafiga, mbali na nguo zilizoanikwa. Juu unaweka bati la debe lililotobolewa matundu kwa msumari. Unasimama upande upepo unakotoka ili moshi uondoke mbele yako. Moshi huo ni mweusi na unawasha macho, kwa hiyo watoto wanakaa mlangoni mpaka kazi iishe. Unakoroga kwa mti mrefu bila kuacha. Maganda yanaanza kutoa jasho, kisha mafuta yanashika moto na bati zima linawaka. Hapo mgeni hushtuka akataka kuepua. Bibi alinishika mkono, tukasubiri kidogo mpaka maganda yawe meusi pande zote, ndipo akalipindua bati juu ya mchanga na kuzifukia. Mchanga unazima moto na kunyonya mafuta yaliyobaki. Ukitoa mapema ganda linabaki na mafuta na litakuchafulia kokwa. Ukichelewa unakula mkaa.

Zikipoa unapaka viganja majivu, unaisimamisha korosho juu ya jiwe na kuigonga mgongoni kwa kipande cha mti. Pigo moja, si zito. Ikikubali, kokwa inatoka nzima. Kazi hii ndiyo tunaifanya ndani, kwenye mkeka. Mimi nagonga, watoto wanamenya kile kingozi chembamba, na mdogo kazi yake ni kutenga nzima na zilizovunjika, ingawa nyingi zinaishia mdomoni na mimi sisemi kitu. Huku tunategana vitendawili. "Kuku wangu katagia mwibani." Nanasi wanalijua tangu zamani, lakini wanalidai kila jioni, na anayekosa kabisa anatoa mji. Zilizovunjika nazitwanga asubuhi na kuzitia kwenye uji wa mtama, unakuwa mzito na wenye harufu ya moshi.

Asubuhi zina raha yake pia. Kabla upepo haujaamka na umande ungali kwenye majani, unasikia mashine za kupulizia salfa, dawa ya unga wa njano, mashambani. Ubwiriubwiri, ugonjwa wa kuvu nyeupe unaokausha maua ya mikorosho, unapenda ubaridi na unyevu huu huu, hivyo wakulima hawalali. Majirani wakirudi wana njano nguoni na midomo imekauka. Nilianza kuacha chupa ya chai ya tangawizi na bakuli la ming'oko barazani kwa bibi, kwa yeyote anayepita kutoka shambani. Sasa kuna foleni. Wanakaa, wanasema maua yametoka kiasi gani mwaka huu, na mimi niliyetoka pwani nasikiliza na kujifunza. Mjomba wa bibi, mzee sana, ndiye aliyenionyesha kwamba mkorosho unaochanua kipupwe kikiwa kikavu humfurahisha mwenye shamba mpaka Novemba.

Jioni kwangu sasa zinakwisha saa nne, na mara nyingine watoto wa jirani inabidi warudishwe kwao. Nimeshakubaliana na bibi kwamba mavuno yajayo nitamsaidia kuokota, naye atanipa debe langu mwenyewe la kutunza. Gunia la kuzihifadhia ninalo tayari. Bati la zamani limeshaoza matundu, kwa hiyo nimemwagiza fundi wa sokoni jingine, la chuma kizito kidogo, lenye mkono mrefu.