Alfajiri niliyoona 4 mahali penye 40

Ilikuwa zamu yangu ya usiku ya 5 mfululizo, wodi ya watu wazima, wagonjwa 31 na wauguzi wawili tu, tulitakiwa kuwa watatu lakini mwenzetu mmoja aliugua na hakupatikana mtu wa kuziba pengo. Naanza na hesabu hiyo makusudi kabisa. Watu wakisikia muuguzi amekosea wanauliza alikuwa anawaza nini, hawaulizi alikuwa na wagonjwa wangapi.

Saa 8 usiku mgonjwa wa kitanda cha 9 moyo wake ukasimama. Tukaingia mimi na dada, namwita dada kwa sababu kanizidi miaka michache ila cheo chetu ni kimoja, daktari wa zamu naye akaja mbio. Wenye kazi hii mnajua ilivyo, unakandamiza kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kishuke sentimita 5 hivi, na kila baada ya dakika 2 mtu anaita "badilisha!" anaingia mwingine. Hatumsubiri anayekandamiza aseme nimechoka. Hasemi, maana hajui, mikono inaanza kulegea kidogo kidogo na yeye anajiona bado yuko vizuri, ndo maana anayehesabu dakika ni mtu mwingine.

Hakurudi. Tukamfanyia huduma ya mwisho, tukampigia simu mwanae, na kabla ya saa 10 kile kitanda kilishapata mgonjwa mwingine. Mi sikulia. Sikuhisi chochote kwa kweli, na hicho ndo kingetakiwa kunishtua, maana yule mzee nilimhudumia siku 11 na alikuwa ananiita mwanangu, halafu nikawa nabadilisha shuka pale nikiwaza tu kwamba bado sijajaza chati za dripu.

Saa 11 alfajiri ikawa zamu ya kupima sukari. Mgonjwa mmoja ikasoma 13.8, iko juu, daktari alishaandika uniti 4 za insulini, dawa ya kushusha sukari. Nikavuta dawa. Insulini kwetu haichomwi mpaka muuguzi wa pili aangalie chati, aangalie na sindano, basi nikamwita dada aje anihakikishie, kwangu ilikuwa ni utaratibu tu, nilikuwa nshawaza mgonjwa anayefuata.

Akaangalia. Akaniuliza, "Hiyo ni ngapi?"

Nikamwambia nne.

"Angalia tena."

Nikaangalia tena na wallahi nikaona nne. Hapo ndo penye jambo lenyewe, maana sikuwa nimevuta haraka bila kuangalia, niliinua sindano kwenye mwanga nikaitazama kwa macho yangu mawili na nikaona kile nilichokuwa nakitegemea kukiona. Akanishika mkono akasema hebu tuhesabu wote, tukaanza kuhesabu mistari, ilipofika 10 nikajua. Zilikuwa 40.

Uniti 40 kwa mtu aliyehitaji 4, sijui kama naweza kumweleza asiye muuguzi vizuri. Sukari inaporomoka, ubongo unakosa chakula, mtu anapata degedege anazimia na anaweza asiamke, na pale alikuwa amelala, kwahiyo tungepita kitandani tukasema huyu amepata usingizi mzuri tumwache.

Dada hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu, "Badilisha", vilevile kama tunavyosema kwenye kukandamiza, akaichukua sindano mkononi mwangu akaitupa kwenye boksi la sindano, akamwita msimamizi wa usiku aje ahakikishe ile mpya kwa sababu alijua mimi siwezi tena kuhakikisha kitu. Mgonjwa akachomwa 4 zake kwa wakati. Mimi akaniambia kaa hapa, pumua, kunywa maji, dawa zote zilizobaki nazitoa mimi, wewe pima presha tu. Dakika 40 zilizobaki nilipima presha.

Tulipomaliza kutoa ripoti nikaenda chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye benchi, nikashindwa kufungua kamba za viatu. Sio kwamba mikono ilitetemeka, nilikuwa naziangalia tu. Akaja akakaa pembeni yangu. Nilikuwa najiandaa kuambiwa pole, au kuambiwa we ni jasiri, kwenye zile semina za dakika 30 tunazopelekwaga tumeshaambiwa tunywe maji mengi na tulale vizuri, tulale saa ngapi hawasemi. Yeye aliuliza tu, "Yule mzee wa kitanda cha 9, nani alimfunga macho, mimi au wewe?"

Nikasema ni mimi. Ndo machozi yakaanza na hayakukatika muda mrefu.

Hakunikatiza. Nilipotulia akanieleza yake, kwamba mwaka mmoja kabla alimwuguza mama mmoja wiki 3, na siku ya kumruhusu akajikuta hajui jina lake, anajua kitanda na anajua dawa, na alikuwa anajificha chooni kabla ya zamu anahesabu mpaka 100 ndo anaweza kuingia wodini. Nilimfahamu dada miaka 4 na sikuwahi kujua. Tulikuwa tunapishana kwenye korido ileile, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake ndo mbovu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi, kwa Kiingereza burnout, kwenye orodha yao ya magonjwa, ila hawakuiita ugonjwa, waliiita jambo la kazini linalotokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa, na wakataja alama 3, kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuikinai, na kujiona huna tija. Nilizisoma nikaona wamekaa wakaniandika mimi. Nikakutana pia na jina "mhanga wa pili", alilitoa daktari Albert Wu mwaka 2000 akimaanisha mhudumu aliyeumizwa na kosa lake mwenyewe. Kilichoelezwa ni cha kweli, jina silipendi, mhanga ni mgonjwa.

Asubuhi ileile tulijaza fomu ya tukio. Mi nilitaka kuandika "nilikosea kuvuta dawa" niondoke zangu. Dada akakataa, akasema andika na usiku wa ngapi, andika wauguzi wangapi wagonjwa wangapi, andika na kifo cha saa 8 na kwamba hatukukaa hata dakika 5, usijibebeshe peke yako kitu ambacho hukukifanya peke yako. Niliandika vyote. Miezi iliyofuata usiku mfululizo ukapunguzwa mpaka 3, sio kila mwezi, lakini ulipunguzwa.

Na wiki iliyofuata tukaanza kukaa kwenye stoo ya mashuka baada ya zamu, kwanza wawili, halafu watatu, mpaka tukafika 7. Kila mmoja anaongea, hakuna kuandika chochote, hakuna bosi, na hakuna kumpa mtu ushauri kama hajauomba, hiyo ya mwisho ndo ilikuwa ngumu maana sisi kazi yetu ni kutibu. Uongozi uliposikia wakaomba tuwe tunawaandikia muhtasari, tukakataa, na nadhani tungekubali pangekufa siku ileile. Kuna siku mwenzetu alisema hataki tena kuishi. Hapo hatukujifanya tunaweza, tulimwuliza waziwazi kama anawaza kujiua, akakubali kwamba ndiyo, na siku hiyohiyo wawili wakaenda naye kwa mtaalamu wa afya ya akili wakamsubiri mpaka akatoka.

Yule mgonjwa wa insulini aliruhusiwa baada ya siku 6. Akanitafuta wodi nzima aniage, akanishika mikono yote miwili akasema, "Sista asante, wewe sindano zako haziumi."

Sikuweza kumjibu. Nilitabasamu nikageuka.

Nikaipeleka stoo. Nikawauliza nilitakiwa nimwambie? Dawa haikumfikia, fomu tulijaza, kwa utaratibu hapakuwa na cha kumwambia, lakini mikono yake bado nilikuwa naisikia kwenye yangu. Mmoja akasema yeye asingemwambia. Mwingine akasema angemwambia, akaanza kueleza, akanyamaza. Dada alikuwa anakunja mashuka yaliyotoka kufuliwa, akanirushia ncha moja ya shuka, nikaishika, tukaanza kukunja, na wengine nao wakachukua yao.