Picha za uso kwa flashi ndani ya bedsita

Tatizo halikuwa flashi, zilikuwa kuta. Bedsita yangu ya mtaa wa Umoja, Nairobi, chumba kimoja tu, imepakwa kijani (chaguo la mwenye nyumba, si langu), na mwavuli mweupe wa kulainisha flashi ulimwaga mwanga kila upande. Kuta zikaurudisha ukiwa na ukijani, mteja akatoka kama anaumwa, uso bapa, kivuli hakuna.

Nikaweka mwavuli kando, nikafunga softiboksi ndogo (sanduku la kitambaa la kulainisha flashi) yenye wavu mbele wa kuzuia mwanga usitawanyike, nikaisogeza hadi kama sentimita 70 kutoka usoni, juu kidogo ya macho, pembe ya digrii 45. Ukaribu huo ndio ulioleta tofauti: umbali ukiongezeka maradufu, mwanga hubaki robo tu. Ukuta ulio mita 1.5 nyuma ya mteja hupata takriban sehemu moja ya kumi, hivyo kijani kinazama na kuwa kijivu kizito. Kitambaa cha mandhari sihitaji.

Flashi kwa nguvu ya 1/8, shata sekunde 1/160, tundu la lenzi f/5.6, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 100. Kwa mipangilio hiyo, balbu ya dari haiachi alama.

Upande wa kivuli nilitundika shuka jeusi la soko la Gikomba limeze kijani kilichosalia. Anayetaka sura laini, natoa shuka naweka kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli.