Jumanne moja karakanani: meza imepasuka, bei haishuki

Niko na karakana ya fanicha kando ya Ngong Road, Nairobi, tuko watu wanne, mimi ndio mwanamke pekee na ndio mwenyewe. Nimeandika Jumanne iliyopita vile ilienda, sijaipaka vanishi.

Saa 11 na nusu alfajiri

Chai bado haijachemka na simu imeshaingia wasapu. Kasta wa Lavington, yule mama nilimfanyia meza ya watu sita mwezi wa kumi na mbili. Ni picha ya meza tu na chini ameandika "Hii ni nini?" Nikavuta picha kwa vidole. Ufa umetoka ukingoni ukapita katikati ya bodi mpaka karibu na pale mtu huweka bakuli la ugali. Hamu ya chai ikaisha.

Kitu cha kwanza kilinijia kichwani, naomba nisiseme uongo, ni kutafuta wa kulaumu. Labda wameiweka kwa jua, labda watoto wamepanda juu. Nimeandika message refu ya kumuuliza maswali kama askari, halafu nikafuta yote nikaandika "Pole sana mama, nakuja leo saa nne niione."

Saa 1 na nusu

Nashuka boda kutoka Kawangware na nampata Guka ashafungua. Si babu yangu, ni vile tu sote tunamuita. Ameshika randa tangu kabla nizaliwe. Nikamuonyesha picha, akaangalia, akanirudishia simu, akaendelea kunoa patasi, na hapo ndio nilijua anakumbuka.

Iko hivi. Mbao haitulii hata ukishaikata. Ikiwa na maji inavimba, ikikauka inanywea, na inanywea kwa upana, kwa urefu karibu haisongi. Kwa meza ya ndani sisi hutaka unyevu uwe kama asilimia 12 au chini. Ile mahogany ilikuwa inasoma 17 kwa kale kamashini ketu. Guka aliniambia tungoje, na kama hatungoji basi tusikaze juu ya meza na fremu kwa skurubu za tobo duara, tutoboe matobo marefu ndio bodi ikinywea ipate pa kusongea. Mimi nikamjibu mbele ya vijana, "Guka, hizo ni mambo za zamani, kasta anataka kabla ya Krismasi." Wakati huo nilikuwa nimepostiwa na watu kadhaa, kila mtu ananiita boss lady. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sasa mimi maji yalikuwa tayari ndani ya mbao.

Nikamwambia, "Guka, ulisema, na sikuskiza." Nikasema kwa sauti, maana ile dharau niliitoa vijana wakiskia. Akasema "Haya," akauliza kama nimebeba maandazi.

Saa 4

Lavington. Mama wa watu amenitolea chai kwa meza hiyo hiyo, ni kama kuwekwa kizimbani ukipewa na biskuti. Nikatoa shilingi kumi kwa mfuko, nikaisimamisha ndani ya ufa, ikasimama yenyewe. Nikamuelezea yote, mbao haikuwa imekauka vizuri, tuliifunga vibaya, makosa ni yangu, naichukua na kurudisha baada ya wiki tatu, hutoi hata shilingi. Alikuwa amejipanga kwa vita, niliona mabega yakishuka. Akauliza tu wageni wake wa Jumapili watakula wapi. Nikamkopesha meza ya showroom.

Hapo kuna kitu nimechukua miaka kuelewa. Nilianza 2019, wakati ukataji wa miti kwa misitu ya serikali ulikuwa umepigwa marufuku tangu 2018, na marufuku hiyo ikakaa mpaka 2023 ndio Rais akaiondoa. Saiprasi ilikuwa imepanda bei vibaya na mimi nilikuwa mgeni, kwa hivyo kila kasta akilia nashusha bei, nikidhani huo ndio unyenyekevu. Na fanicha ikiharibika nakataa katakata kwamba ni sisi, nikidhani huko ndio kujiamini. Yaani nilikuwa mpole pale nilifaa kuwa mgumu, na mgumu pale nilifaa kuwa mpole, na hasara inakuja na pande zote mbili.

Saa 7

Ofisi moja Upper Hill inataka madawati 12 na wanataka invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Zamani ningesema "hiyo si shida" halafu nikimbie kujificha. Safari hii nikawaambia wazi sijawahi kutoa hiyo, mnipe siku moja. Nikaenda kwa kijana wa saiba, mdogo wangu kwa miaka kumi, akanifundisha kwa simu yangu mwenyewe. Kumbe tangu 2024 ianze gharama ya biashara isiyo na hiyo invoisi KRA haiitambui ukipiga hesabu ya kodi, ndio maana ofisi zinasumbua hivyo. Nikamlipa na nikamuita mwalimu, akacheka.

Saa 9

Gari imesimama. Mzee wa makamo anapita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa Guka. "Boss, hii kabati ni ngapi?" Guka akaninyooshea kidole na randa. "Mwenyewe ni huyo." Kuna siku nilikuwa namwachia Guka aongee nao, kazi inaenda haraka hivyo, lakini siku hizi nasimama.

"Ni elfu 65."

"Gikomba wananipea hii kitu kwa 40, madam."

Sikuitukana Gikomba, ni soko kubwa na hata mimi mbao natoa huko. Nikavuta droo yote ikatoka, nikamgeuzia chini aone vile pembe zimeshikana bila msumari, nikamwambia asukume mgongo wa kabati aone kama ni plywood ya kweli. Akasukuma. Akasema 50. Nikanyamaza. Hiyo kunyamaza ndio kazi ngumu kuliko kuranda, mdomo unawasha, unataka kusema "basi leta 55". Akaenda. Kijana wa sandpapa akaniangalia kama nimemfukuza Yesu.

Saa 12 jioni

Meza imefika kwa pikapu. Nikaigeuza mwenyewe, nikafungua skurubu kumi na sita, na ya mwisho ilipotoka mbao ikalia kidogo, *tik*, kama mtu amelegeza mshipi. Guka amechora matobo marefu kwa penseli, mimi nimetoboa manne, mawili yamepinda. Akaniambia niyarudie. Nimerudia.

Saa 3 usiku

Simu. Ni yule mzee wa kabati.

"Madam, bado iko?"

"Iko."

"Na bei?"

"Ni ile ile, mzee wangu."

Akacheka, akasema atapita Jumamosi na bibi yake aione. Sijui kama atakuja. Nimeizungushia karatasi isipigwe na vumbi la sandpapa.