Siku moja na mimi platifomu ya Paddington

Saa 10 alfajiri alamu inalia, nje baridi ya kuuma, chai ya tangawizi na chapati ya jana nakula nimesimama, nawahi basi la usiku.

Saa 12 niko kazini, stesheni ya Paddington, London, filimbi shingoni na redio koli kiunoni. Line ya Slough, mji ulio magharibi mwa London, ndio naipenda kuliko zote, maana humu ndimo telegrafu ya umeme, yaani mashine ya kutuma ujumbe kwa waya, ilipoanza kufanya kazi ya kweli. Wavumbuzi wake Waingereza, Cooke na Wheatstone, waliijaribu 1837 kati ya Euston na Camden Town, wenye reli ile hawakuitaka, kampuni ya reli ya Great Western, wenye line hii, ndio wakaipokea, 1839 waya zikafika West Drayton, kama kilomita 21 hivi. Mbele yako ubao wa herufi na sindano tano, umeme ukija sindano mbili zinainama na pale zinapokutana ndio herufi yako, hata asiyefundishwa anasoma. Ila herufi zilikuwa 20 tu, C hamna, Q hamna. Waya zilipita ndani ya bomba, baadaye zikaharibika, ikabidi sindano zipunguzwe, na 1843 zikafika Slough zikiwa zimetundikwa kwenye nguzo.

Saa 4 mama mmoja kashuka mbio, kumbe kapanda treni siyo, mlango ukafunga na mkoba wa dawa umebaki kitini! Nikamsikia "yaa Rabi", nikajua wa kwetu.

"Shikamoo mama, mkoba rangi gani?"

"Marahaba mwanangu, wa kijani, behewa la tatu."

Nikaita kwenye redio hapohapo, treni hata daraja la kwanza haijapita.

Tukikaa kwenye benchi kusubiri nikamsimulia ya John Tawell. Tarehe 1 Januari 1845 kamuua mwanamke karibu na Slough, kapanda treni ya kuja hapahapa, na enzi hizo hakuna kitu kilichokimbia kuliko treni, akajua kapona. Karani wa Slough akashika mashine akatuma habari, mtu kavaa kama Mkweka (Quaker kwa Kiingereza, dhehebu la Kikristo), koti refu mpaka karibu na miguu, na kwa vile Q haikuwepo akaandika K-W-A-K-E-R. Yule wa Paddington alivyoanza kupokea K, W, A akadhani mwenzake kakosea, jamani fikiria presha yake! Lakini wakaelewana, Tawell anashuka askari yuko nyuma yake, kesho yake kakamatwa, Machi kanyongwa. Mama akasema kumbe ndio maana sisi tunaita simu, sim kwa Kiajemi ni waya. Nikafurahi mno, hilo neno nalipenda sana.

Redio ikaita: mkoba umepatikana Slough, unarudi na treni inayofuata.

Saa 5 na nusu mkoba huo, mama kaufungua, kahesabu vidonge kimoja kimoja mapajani, vyote vipo.