Shati lenye bei chini ya kitambaa chake

Shangazi yangu hushona sare za shule mjini Jinja, Uganda. Kabla ya muhula wa kwanza alinipigia simu akaniambia kwamba mashati yaliyoshonwa ng'ambo yanauzwa kwa bei ndogo kuliko kitambaa anachonunua yeye, bila kuhesabu uzi, vifungo wala umeme. “Mwanangu, hawa wananiua kusudi,” alisema.

Neno hilo “kusudi” sijaliacha kulifikiria, kwa sababu sheria ya biashara ya kimataifa haiulizi kusudi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 6 cha mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara (GATT) wa mwaka 1947, na makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani (WTO) ya 1995, kosa linalohusika huitwa kumwaga bidhaa (dumping), yaani kuiuza nje kwa bei iliyo chini ya ile inayouzwa huko inakotengenezwa. Urahisi peke yake si kosa, maana mwenye kiwanda kikubwa na umeme wa uhakika anaweza kuuza rahisi kwa haki. Kuuza kwa hasara ili washindani wafunge, kisha bei ipandishwe, ni jambo la sheria za ushindani.

Linaloniumiza ni mzigo wa kuthibitisha. Anayeilalamikia serikali ichunguze huonyesha bei ya shati lile huko linakotengenezwa, huonyesha kwamba wazalishaji wa hapa wameumia, tena kwamba wameumizwa na bei hiyo wala si na mitumba au riba ya mikopo. Na wanaomuunga mkono sharti wawe wanazalisha angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo nchini. Uchunguzi wenyewe unaweza kufika miezi 18. Kanada ilipotunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1904, wasiwasi ulikuwa juu ya chuma cha Marekani, na wenye viwanda vya chuma wana mawakili. Mwenye cherehani nne ataipata wapi ankara ya kiwanda cha Guangzhou, Uchina?

Makubaliano hayo yanairuhusu serikali, katika hali za pekee, kuanzisha uchunguzi bila kungoja malalamiko, mradi iwe na ushahidi wa kutosha. Naamini Uganda inapaswa kuitumia nafasi hiyo kwa ajili ya wazalishaji wadogo waliotawanyika, kwa kuwa bei zinazotangazwa mpakani ziko mikononi mwa forodha, si mikononi mwa washonaji.

Shangazi ameanza kuhifadhi risiti za vitambaa na kuwahimiza wenzake wafanye vivyo hivyo. Cherehani zake mbili zimefunikwa tangu Februari.