Michirizi kwenye picha za ukumbini: nilivyoimaliza

Kila nikipiga sendofu kwenye kumbi za Dar, picha zilitoka na michirizi myeusi iliyokatiza nyuso. Gauni la bibi harusi nusu jeupe, nusu kahawia. Fundi alitaka ninunue lenzi mpya, kumbe lenzi haina kosa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hufifia mara mbili, hivyo taa nyingi za LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki (kamera kusoma picha bila pazia la kufunga na kufungua) hunasa hali hiyo mstari kwa mstari. Nikarudi kwenye shata ya kawaida, ile ya pazia, kasi 1/100 ya sekunde. Michirizi ikaisha. Wakati wa kufungua muziki kasi hiyo haitoshi kugandisha mwendo, hapo nawasha flashi. Zile taa za rangi za DJ? Namwomba tu azizime wakati wa keki.